Google Maps, Mapbox au MapLibre? Nimeijenga apu moja ya mashua hapa Lamu kwa zote tatu

Hizi tatu ni zana za kuweka ramani ndani ya apu unayoijenga. Nianze na jibu kabisa, maana najua wengi mnasoma kwa simu na bando ni pesa. Kama apu yako ni ya tuktuk, bodaboda au kupeleka vifurushi Malindi mjini, chukua Google Maps uendelee na kazi nyingine. Kama apu yako inapanda mashua, inaingia vichochoroni Lamu, au itafunguliwa mahali ambapo netiweki hakuna, chukua MapLibre na data ya OpenStreetMap, ile ramani huria inayochorwa na watu wenyewe, hata kama mwanzo itakutesa, na itakutesa kweli. Mapbox iko katikati hapo, ni nzuri, ina watu wake na nitawasema.

Sasa sababu zangu.

Mi niko Langoni, mtaa wa Lamu mjini, na kazi niliyoishika ni apu ya mashua. Mtu yuko Shela anataka kuwahi basi Mokowe, au ameshuka kwenye ndege pale Manda, au ana mzigo wa kwenda Faza, anafungua simu anaona mashua gani iko wapi na inatoka saa ngapi. Pamoja na hapo kuna wenye punda, manake mzigo ukifika jeti, yaani gatini, bado haujafika, mpaka upandishwe punda uingizwe ndani ya mji. Wakati huo huo mtoto wa ami yangu yuko Malindi anajenga kitu kinachofanana na hicho, ila chake ni cha tuktuk, vifurushi kutoka mjini kwenda Casuarina mpaka Watamu. Kila usiku tulikuwa tunapigiana simu na tukaona kitu kimoja wazi: kile kinachomfanyia yeye kazi bila taabu kwangu hakifanyi, na kile kilichoniokoa mimi yeye hana haja nacho. Code zetu zilifanana kwa sehemu kubwa, tofauti ilikuwa mahali tu.

Kupata ramani ya kwanza kwenye skrini

Google: unafungua akaunti ya Google Cloud, unaweka kadi ya benki hata kama hujatumia shilingi moja, unawasha kila API, yaani huduma, unayotaka moja moja, unapewa ufunguo, unaubandika kwenye manifesti, lile faili la maelezo ya apu ya Android, umemaliza. Nusu saa haifiki. Shida inakuja unapouwekea ufunguo vizuizi ili mtu asiutumie kwa bili yako, na vizuizi lazima uweke, usiuache wazi hata siku moja. Apu ya Android inatambulika kwa jina la pakiti na alama ya SHA-1 ya cheti cha kidijitali kilichoisaini. Cheti cha majaribio kwenye laptopu yako ni kimoja, cha kutolea apu ni kingine, na apu ikipitia usainiaji wa Play Store inasainiwa upya kwa cheti cha tatu. Kwa hivyo kwako inafanya kazi vizuri, unaipandisha, mteja wa kwanza anaifungua anakutana na uwanja mtupu wa kijivu na neno Google limekaa pembeni chini, hakuna ujumbe wowote kwenye skrini, kosa lenyewe limeandikwa kwenye logi ambayo mteja haioni. Weka SHA-1 zote tatu tangu siku ya kwanza. Ile ya tatu utaikuta ndani ya Play Console kwenye ukurasa wa usainiaji.

Mapbox inatumia tokeni, ndiyo ufunguo wao. Ya umma inaanza na pk, ya siri inaanza na sk. Kwa miaka kadhaa hata kupakua maktaba yenyewe kulihitaji tokeni ya siri yenye ruhusa ya kupakua, unaiweka kwenye faili la gradle.properties, na ikikosekana Gradle, programu inayojenga apu, inakurudishia 401, yaani huna ruhusa, bila maelezo ya maana. Mafunzo mengi mtandaoni bado yanafundisha njia hiyo, kwa hivyo ukifuata mafunzo angalia kwanza ni ya toleo gani. Na ile ya sk isiingie Git, hazina ya msimbo wako, hata kwa bahati mbaya.

MapLibre haina ufunguo wala kadi. Unaongeza mstari mmoja kwenye Gradle, unajenga, unafungua, halafu hakuna ramani, manake MapLibre ni injini ya kuchora peke yake. Ni mashua bila tanga. Lazima uipe staili, yaani faili la JSON linalosema data itoke wapi, njia zichorwe rangi gani, herufi zitoke wapi. Ile staili ya majaribio inaonyesha nchi tu, ukikuza mpaka Lamu unaona rangi moja basi, na watu wengi wanaiacha MapLibre hapo hapo wakidhani imeharibika. Haijaharibika. Unaweza kuielekeza kwa OpenFreeMap ambao wanatoa vigae, yaani vipande vidogo vya ramani, bila ufunguo, au MapTiler kwa ufunguo, au ujitengenezee faili lako mwenyewe, nitaeleza. Kitu kimoja tu usifanye: usiielekeze apu ya biashara kwenye seva za tile.openstreetmap.org halafu ukaanza kupakua vigae kwa wingi. Sera yao inakataza, na zile seva zinaendeshwa kwa michango ya watu.

Ndani ya Mkanda, netiweki imekatika

Hapa ndipo uamuzi wangu ulipofanyika kwa hivyo nitakaa kidogo.

Asiyejua, Mkanda ni ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na mashua za kwenda Pate, Siyu na Faza zinapita humo. Zinapita maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, hasa siku za bamvu, sehemu nyingine hubaki tope na mizizi, mashua inakaa inasubiri. Na simu humo ndani netiweki inakuja na kuondoka, ukitoka upande wa pili ndio kabisa.

Safari ya kwanza nilienda na apu yenye ramani ya Google, ya mtandaoni tupu. Tulipoingia Mkanda nikakuza kidogo nione tuko wapi, skrini ikageuka viboksi vya kijivu na ile nukta ya buluu inaelea katikati haina chochote cha kushika. Kosa lilikuwa langu, sikusoma masharti kabla ya kuandika programu kwa wiki tatu. Ukichukua Google, jua hivi: ile Google Maps ya kawaida kwenye simu inamruhusu mtu kupakua eneo, lakini SDK, yaani maktaba unayoweka ndani ya apu yako, haina kitu hicho, na masharti yanakataza kuhifadhi vigae vyao. Latitudo na longitudo unazopata kwa huduma zao unaruhusiwa kuzishika mpaka siku 30, kitambulisho cha mahali unaweza kukaa nacho, ramani yenyewe hapana. Kwa mtu wa tuktuk Malindi hilo si tatizo. Kwangu lilimaliza mazungumzo.

Mapbox inayo oflaini ya kweli, imejengwa ndani. Unachora eneo, unataja kiwango cha zumu, yaani cha kukuza, inapakua. Ina kikomo cha vifurushi 750 vya vigae, kwa mji mmoja na visiwa vyake huwezi kukigusa, kwa nchi nzima utakigusa. Kama una timu ndogo, una bajeti, na hutaki kujua vigae vinatengenezwaje, Mapbox ndiyo yako, nasema bila kuzunguka. Kampuni ya watalii yenye wageni mia kadhaa kwa mwezi haitalipa hata senti.

Safari ya pili nikaenda na MapLibre. Nilikuwa nimeshapakia faili la vigae ndani ya apu, nimejaribu nyumbani, sawa. Tumefika Mkanda, ramani iko, bahari buluu, mikoko kijani, njia za Manda zinaonekana, lakini hakuna jina hata moja. Siyu haipo, Pate haipo, Mokowe haipo. Nahodha, mzee wa heshima namwita Ami, akaichukua simu akaiangalia muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, visiwa vyetu mumevivua mayina?" Sikuwa na la kumjibu pale. Usiku ndio nikajua: herufi za ramani, zile zinazoitwa glifu, staili yangu ilikuwa bado inaziita kutoka kwenye seva ya mbali, nyumbani wifi ilikuwa inanifichia. Vivyo hivyo vialama vidogo vya msikiti, hospitali na jeti vina faili lake. Vyote viwili lazima uvibebe ndani ya apu na ubadilishe anwani zake kwenye staili. Jaribu apu yako simu ikiwa kwenye hali ya ndege, tena baada ya kufuta data ya apu, ndio utajua ukweli.

Sasa kuhusu lile faili, maana watu wanaogopa ukubwa. Nilichora kisanduku kutoka longitudo 40.6 mpaka 41.4 na latitudo 1.9 mpaka 2.4 kusini, kinashika Lamu, Manda, Pate na kufika Kiwayu. Kwenye zumu 14 hicho kisanduku kina vigae kama 850 hivi. Ungetumia ramani za picha ukitaka kufika zumu 18 kila ngazi inazidisha kwa nne, ngazi nne ni mara 256, unavuka vigae 200,000 na simu za wateja wangu hazina nafasi hiyo. Lakini MapLibre inachora kwa vekta, yaani mistari na maumbo badala ya picha, data ya zumu 14 inatosha, ukikuza zaidi injini inaichora upya yenyewe na mistari inabaki safi. Faili langu zima halikufika MB 10.

Kulipata ni rahisi kuliko nilivyodhani. Watu wa Protomaps wana muundo unaoitwa PMTiles, dunia nzima kwenye faili moja la zaidi ya GB 100, lakini hulipakui lote, programu yao ndogo unaipa kisanduku chako inakwenda kuchomoa vile vipande vyako tu kutoka katikati ya faili lililo kwenye seva. Nilifanya kwa bando ya simu. Matoleo ya karibuni ya MapLibre yanasoma PMTiles moja kwa moja, ukiwa na toleo la zamani utahitaji kugeuza.

Jambo moja nataka lisomwe vizuri. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyo ramani ya baharini. Hazina kina cha maji, hazijui fungu limehamia wapi. Mara moja apu ilionyesha buluu, tena buluu safi, na Ami akasema, "Simu yako yasema hapa mai. Hapa si mai, ni tope," na kweli dakika tano baadaye tulikuwa tumesimama. Tangu siku hiyo apu yangu haimpi nahodha njia ya kupita baharini, inamwonyesha abiria mashua iko wapi na basi. Ukijenga kitu cha bahari, tafadhali usivuke huo mstari.

Vichochoro

Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na wanaoujua wanajua hakuna njia ya gari ndani yake, ni vichochoro kati ya nyumba za mawe, vingine punda wawili wenye shogi hawapishani. GPS ya simu uwanjani kweupe inakosea kama mita 5. Kichochoro hakifiki mita 2, kuta zimepanda pande zote, mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta yanarudi, kwa hivyo ukitembea kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwenda juu Mkomani simu inachora kana kwamba umepita ndani ya vyumba vya watu. Hili halitatuliwi na SDK yoyote, iwe ya bei gani.

Lakini swali la kuchagua ni hili: njia ikikosekana kwenye ramani, nani anaweza kuiweka? Google walikuwa na Map Maker ambayo watu walichora wenyewe, wakaifunga 2017, sasa unatuma pendekezo na unasubiri likaguliwe. OpenStreetMap unaingia, unachora, unahifadhi, imeingia. Ilianza Uingereza 2004 na mpaka leo ndivyo ilivyo. Mimi nilikaa jioni kama kumi natembea na Vespucci, apu ya kuchorea OpenStreetMap, kwenye simu, kila kichochoro napita mara tatu nne nachukua wastani, halafu narudi kwenye laptopu nalinganisha na picha za setilaiti za Bing ambazo zinaruhusiwa kuchorea. Palipofunikwa na makuti nilihesabu hatua.

Na aliyenisaidia zaidi ni kijana mwenye punda. Yeye hakuwa anaangalia ramani, alikuwa ananiambia tu, hapa punda mtupu anapita lakini akiwa na mawe hapiti, hapa kuna ngazi anakataa kabisa, hapa mvua ikinyesha panateleza. OpenStreetMap ina nafasi ya kuandika upana wa njia kwa mita na kutofautisha njia ya kawaida na ngazi. Nikaandika. Halafu nikachukua GraphHopper, ambayo ni programu huria ya kutafuta njia, unaiandikia kanuni zako mwenyewe, nikaiambia ngazi usipite, chini ya upana fulani usipite ukiwa na mzigo. Njia ya kwanza iliyotoka, kutoka jeti mpaka nyumba moja nyuma ya Ngome, yule kijana aliitazama akasema ndiyo hiyo hiyo anayopita yeye. Nilifurahi siku nzima. Huwezi kumwambia mtu wa huduma za kulipia akuwekee profaili ya punda.

Mapbox kwa sehemu kubwa ramani zake za mitaa zimejengwa juu ya data ya OpenStreetMap, kwa hivyo ukichora huko kazi yako inafika kwao pia baada ya muda. Hiyo ni faida wengi hawaijui.

Ila nisiwe mchoyo wa haki. Malindi mambo ni kinyume. Mteja anaandika jina la duka la dawa, gereji, hoteli, na Google analijua na simu yake na saa ya kufunga. Anakadiria dakika za tuktuk mpaka Watamu vizuri tu. Mtoto wa ami alijaribu MapLibre wiki moja akaona kutafuta mahali kwa jina ndio udhaifu mkubwa, biashara nyingi ndogo hazipo kwenye OpenStreetMap, na yeye hana muda wa kuzunguka mji mzima kuziandika. Alirudi Google na alifanya sawa.

Kitu usichanganye, na nimeona watu wakikifanya: kuomba njia au anwani kwa Google halafu kuichora juu ya ramani ya MapLibre au Mapbox. Masharti ya Google yanakataza. Ukichukua huduma yao moja ya namna hiyo, ramani nayo iwe yao.

Pesa

Bei zinabadilika kwa hivyo fungua kurasa zao kabla ya kuamua, lakini picha ni hii. Google walibadilisha mara mbili kubwa: 2018 walileta mkopo wa dola 200 kila mwezi na lazima ya kadi, na Machi 2025 ule mkopo ukaondoka, sasa kila huduma ina kiwango chake cha bure, zile za msingi ni 10,000 kwa mwezi. Ramani yenyewe ndani ya apu ya Android au iPhone ni bure bila kikomo, na hili ndilo linalowafanya watu wajisahau. Kinachokula pesa ni kutafuta anwani na kuomba njia, dola 5 kwa kila 1,000 ukishavuka. Na ukiweka ile ramani kwenye tovuti badala ya apu, inahesabiwa, dola 7 kwa 1,000. Apu ya tuktuk inayoomba njia upya kila sekunde kumi dereva akiwa barabarani inakula 10,000 haraka sana, kwa hivyo mtoto wa ami anaomba njia mara moja tu safari inapoanza, na tena dereva akitoka nje ya njia.

Mapbox kwenye apu ya simu wanahesabu watumiaji, si mara wanazofungua. Watumiaji 25,000 wa simu kwa mwezi ni bure, kwenye tovuti ni kufunguka 50,000. Kwa Lamu hiyo ni kama bure moja kwa moja.

MapLibre hulipi leseni, unalipa seva ya GraphHopper na muda wako. Muda wako ni pesa, uhesabu. Mimi ulinila miezi miwili zaidi.

Matoleo yanapobadilika chini ya miguu yako

Hakuna iliyo salama hapa. Mapbox kutoka toleo la 9 kwenda la 10 waliandika upya karibu kila kitu, majina ya pakiti, namna ya kuweka alama, kila kitu, apu ya zamani huihamishi, unaijenga upya. Kabla ya hapo Desemba 2020 walifunga leseni ya maktaba yao ya tovuti kuanzia toleo la 2, na hapo ndipo MapLibre ilipozaliwa, watu wakachukua ile ya mwisho iliyokuwa huria wakaendelea nayo. MapLibre nayo toleo la 11 la Android ikabadilisha jina la pakiti kutoka la zamani la Mapbox kwenda org.maplibre, kwa hivyo mfano wowote utakaokopi wa kabla ya hapo hautajenga mpaka ubadilishe majina ya kuingiza. Hiyo ni kazi ya kutafuta na kubadilisha, si kubwa. Google hawavunji ghafla, wanaweka alama ya kuukuu na kukuachia muda, kama API ya Directions, ile ya kuomba njia, ambayo tangu Machi 2025 ni ya kuukuu na wanakutaka uende Routes.

Kinachoumiza zaidi ya kubadilika ni kukosa mtu wa kumuuliza. Huduma moja ya kulipia niliyowahi kutumia, jina naliweka kando, nilituma tiketi kuhusu kosa la kuhesabiwa mara mbili, nikajibiwa na ujumbe wa kuniambia nisome nyaraka, nikaandika tena, nikajibiwa ule ule. Kwenye miradi huria nimekuta msimbo uko wazi, nafungua mwenyewe nasoma, na mara nyingi mtu wa nchi nyingine kabisa alishapata shida ile ile na ameandika alivyoitatua. Hakuna anayekudai jibu wala huwezi kumdai, lakini hukai gizani.

Mashua zilizofika Uhispania

Hili la haraka ila lipo kwa kila atakayebadilisha SDK. Google anataka latitudo kwanza. GeoJSON, muundo wa kuandikia data ya mahali, inataka longitudo kwanza. Ndani ya MapLibre ya Android unakuta zote mbili, LatLng inaanza na latitudo na Point.fromLngLat inaanza na longitudo, maktaba moja. Lamu iko karibu na -2.27, 40.90. Ukizigeuza unapata mahali katikati ya Uhispania, kaskazini mashariki ya Madrid, na mashua zangu zote asubuhi moja zilikuwa huko. Ukisahau ile alama ya kutoa unapata juu kabisa kaskazini mashariki mwa Kenya karibu na mpaka wa Somalia. Weka ukaguzi kwenye seva: nukta ikitoka nje ya kisanduku chako ikataliwe na iandikwe kwenye logi. Mistari minne tu ya programu.

Kwa wanaotumia Flutter, zana ya kujenga apu: pakiti ya Google inataka alama ziwe picha, huwezi kuweka wijeti yako, yaani kipande chako cha skrini, moja kwa moja, kwa hivyo jina la mashua juu ya alama unalichora kwanza kuwa picha. Flutter_map inakubali wijeti yoyote na ni rahisi kuanza nayo, lakini asili yake ni vigae vya picha. Na simu za Huawei za baada ya 2019 ambazo hazina huduma za Google, SDK ya ramani ya Google haifanyi kazi humo. Mapbox na MapLibre zinafanya. Hesabu wateja wako wana simu gani kabla hujaamua, mimi nilisimama jeti asubuhi mbili nikiangalia mikononi mwa watu.

Halafu maandishi ya shukrani. OpenStreetMap lazima itajwe kwenye ramani, Mapbox wanataka na nembo, Google nembo yao isifunikwe na kitufe chako cha chini, na hicho kitufe cha chini ndicho kila mtu anachoweka hapo hapo. Isogeze ramani kwa pedi, yaani nafasi tupu unayoiachia ukingoni.

Ninachojenga sasa hivi ni Mkanda wenyewe. Nimechora ule mlango kama mstari kwenye safu yangu mwenyewe juu ya MapLibre, na unabadilika rangi kufuatana na jedwali la maji kujaa na kupwa, ili mtu wa Faza mwenye mgonjwa au mwenye samaki wa kuwahi barafu ajue akiwa nyumbani kama mashua ya saa nane itapita humo au itazunguka nje kwa bahari kuu. Saa zenyewe nilimpelekea Ami azikague. Amezirekebisha mbili, zote za siku za maji mafu, na nimeziweka kama alivyosema.